Ndoa Tatu za Dada Yangu

Dada yangu Nshobole aliolewa mara tatu,
na mume mmoja.

Mara ya kwanza kwa ng'ombe saba: mmoja alichechemea,
wajomba wakabishana hadi jua likazama upande wa Walungu.
Mara ya pili komini ya Kadutu, Alhamisi, mvua,
tarehe kumi na tisa Oktoba, mwaka wa kumi na saba.
Mara ya tatu kanisani, Julai iliyofuata,
gauni la kuazima, kwaya mbili, picha mia nne.

Ukimuuliza mtu wa Bukavu, Uliolewa lini?
naye atakuuliza: Mbele ya nani?
Mbele ya wajomba, ya serikali, au ya Mungu?

Lakini fomu ina kisanduku kimoja.

Sijui nani alikijaza. Shemeji Cirhuza anaapa si yeye.
Labda yule kijana wa sekretaria pale Nyawera
aliyechapa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika muhindi.
Aliandika Julai,
kwa sababu Julai ndiyo yenye picha.

Nshobole akapanda ndege Desemba ya mwaka wa kumi na tisa.
Ofisa wa kule akahesabu miezi:
ndoa changa, haijafika miaka miwili.
Akampa kadi ya kujaribiwa,
kama kopo la maziwa, siku ya kuharibika imepigwa chini.
Aliyostahili ilikuwa ya miaka kumi.

Na jina pia. M'Rhubuhire
lilifika bila ritufaa,
kile kijipele begani mwa M kinachosema: binti wa.
Mashine hazikijui.
Zikamwandika Mrhubuhire,
ukoo ambao hauna hata kaburi moja.

Ananipigia saa nane za usiku, kwake bado wanapika:
Nabintu, nenda komini.
Nitafutie ile Alhamisi.

Nimekwenda mara nne.
Siku ya kwanza mwenye ufunguo alikuwa msibani.
Siku ya pili alikuwapo, ufunguo ukawa msibani.
Siku ya tatu waliniomba ya fanta,
nikatoa franka elfu kumi, na fanta sikuiona.
Leo Baba Cishugi amekivuta kitabu kutoka chini ya vingine,
kimevimba kwa unyevu kama mkate uliolowa chai,
akawa anabandua kurasa kwa rula,
polepole, anazipuliza.

Mia mbili na kumi na mbili.
Hawa hapa.
Sahihi ya Cirhuza imekimbilia ukingoni.
Ya Nshobole ndogo, imenyooka,
na kando yake doa, wino umetawanyika kama buibui.
Hilo ni langu.
Nilishika mwavuli siku ile, nikainama kuona,
maji yakadondoka juu ya kitabu cha serikali
na burgumesta akanitazama hivi.
Sikujua kwamba natia muhuri.

"M'Rhubuhire," nikamwambia Baba Cishugi, "usisahau kijipele."
Akainua macho juu ya miwani.
"Binti, mimi ni Mshi."
Akakandamiza biki mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa niko nje, nakala imo kifuani, ndani ya plastiki.
Nshobole anasema kule, kosa likiwa lao, hulipi;
likiwa lako, unalipa, na pesa si kidogo.
Kwa hiyo watakaa mezani kuuliza: kosa ni la nani?
Ni la muhindi?
Ni la kwaya mbili?
Au la mvua iliyotunyima picha,
tukasema basi, siku yenyewe itakuja?

Nimempigia. Nimemwambia, nimeipata.
Amenyamaza. Nimesikia sufuria ikifunikwa.
Kisha ameuliza:
Na doa, bado lipo?

Lipo.