Mkia

Siku ya tatu leo naamka sina mlango.
Wa duka upo. Kufuli lina kutu
na hufunguka nikilipiga teke, chini, kushoto.
Nasema mlango wa kompyuta,
ile ya wateja, hapa Arua nyuma ya soko,
kati ya muuza magodoro na kinyozi.

Nabofya kivinjari, naita ukurasa wangu,
wa baraza la mitihani, maana ni Februari,
watoto wamepanga foleni hadi kwa kinyozi,
linakuja gurudumu.
Rangi saba, linazunguka, linapiga kelele:
Hongera, umeshinda!
Kushinda nimeshinda, tangu alfajiri,
na njaa.

Naingia kwenye mipangilio. Nafuta. Naandika upya anwani.
Nafunga, nafungua:
gurudumu.
Mara kumi na moja. Mimi huhesabu
hata karatasi zinazokwama kwenye printa.

Munduru akasogea, sare imembana mabegani.
Jana alikuwa amechapa namba yake ya mtihani
kwenye kile kisanduku kigeni cha kutafutia.
"Mama Ayikoru, sasa hilo linanijua?"
Nikamwambia halikujui.
Sikuwa na hakika.

Alhamisi akaja Candiga, flashi shingoni
imefungwa kwa kamba ya kiatu.
Kwanza akachomoa modemu:
"Mwizi akiwa ndani, mnyang'anye simu."
Kisha akauliza, wiki iliyopita uliweka nini?
Sikuweka kitu.
Mama Ayikoru.
Sikuweka.
Akanyamaza, akafuta kioo kwa kiwiko.
Basi, kile kidude cha kugeuza picha kuwa hati.
Cha bure.
"Na vile visanduku vya pembeni, ulivisoma?"

Nani husoma? Endelea, endelea, kubali, maliza.
Niliitikia amina
dua nisiyoisikia.

Akaorodhesha programu kwa tarehe.
Zilikuwa tatu, zimeingia dakika moja,
kenge katika msafara wa mamba wangu mmoja.
Akaziondoa. Akang'oa na kiendelezi
chenye picha ya bundi mwenye miwani.
Akazima, akawasha, akabofya:
gurudumu.
Nilicheka vibaya, hata kinyozi akachungulia.

Hapo Candiga akaacha kugusa ya ndani.
Akabofya kulia ile picha ndogo,
ile ninayoibofya kila siku nikiiamini,
akafungua sifa zake, akanionyesha mstari:
njia ndefu, jina la kivinjari, alama ya kufunga,
nafasi,
halafu anwani ya watu nisiowajua, inaning'inia.
"Tazama mkia."
Tulikuwa tunafagia sebule,
mwenzetu amejiviringisha kwenye kitasa.

Akaukata. Akatafuta zaidi,
akamkuta kwenye ratiba ya mashine kibarua
anayeamka kila saa kamili
kuurudisha mkia mahali pake.
Ana bidii kumpita mpwa wangu. Naye tukamfukuza.

Umeme ukakatika. Ungetegemea nini?
Tukala enyasa na angara gizani,
jenereta ya magodoro ikitukohoa.

Saa kumi taa zikarudi. Nikabofya
kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa pasi.
Ukurasa mweupe.
Hakuna aliyenipongeza.
"Niweke nini hapo?" Candiga akauliza.
Niliuacha weupe ule kidogo,
ulikuwa kama ua lililofagiwa
kabla kuku hawajatoka.

Kisha nikabadilisha nywila, iliyokuwa
jina la mwanangu wa kwanza kwa miaka sita,
nikamwita Munduru.
Akachapa namba yake, tarakimu moja moja.
Baraza lilifunguka polepole, kutoka juu,
nami nikageukia printa
nisiuone uso wake kabla yake.

Candiga alitaka elfu ishirini. Nilimpa kumi na tano
na ile angara iliyobaki.
Sasa kila asubuhi nikishapiga teke kufuli,
kabla sijashika ufagio,
nabofya kulia pale,
naangalia.