Chombo cha Aina Gani

Mara ya kwanza alinisimamisha kwa kidole,
si kwa filimbi. Mataa ya Morocco, saa mbili asubuhi,
jua limeshawakalia watu mabegani.
Nikashuka. Gurudumu likalia pii, likanyamaza.
"Leseni."
"Ya nini, Afande?"
"Ya hicho."
Akakizunguka hicho kama mnunuzi wa mbuzi mnadani,
akainama, akatafuta kiti, akatafuta usukani,
akatafuta hata kengele, maskini,
kisha akanigeukia: "Tairi la pili umelipeleka wapi?"

Bodaboda wote wakacheka. Mimi nilichelewa,
maana kicheko mbele ya sare nyeupe
huombewa ruhusa kwanza.

"Fungua begi."
Nikafungua: meno.
Seti nne za meno ya bandia, kila moja na kiboksi chake.
Nayatoa maabara Upanga, nayapeleka kliniki Sinza;
kuna bibi wa Kijitonyama, harusi ya mjukuu ni Jumamosi,
hajang'ata muhindi wa kuchoma tangu Ramadhani.
Sajini Tekla Komba (jina nililisoma kifuani)
akalifunga begi mwenyewe, taratibu,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Kwenye kimashine chake cha faini
kulikuwa na gari, pikipiki, bajaji,
kulikuwa na trekta. Mimi sikuwemo.
Akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza.
"Haya nenda. Ukianguka usiseme nilikuona."

Nikaanguka wiki ileile, akiniona.
Mvua ya usiku ilikuwa imelijaza shimo likafanana na lami,
na mwenye tairi moja hana la akiba.
Akavuka barabara, mkono mmoja umezuia lori la mchanga,
mwingine umeshika chupa yake ya maji ya kunywa,
akayamwaga yote gotini pangu.
"Meno?"
"Yamepona."
"Na ya kwako?"

Tangu hapo tukawa na lugha.
Kidole juu: pita, njia nyeupe.
Ngumi: tulia, kuna msafara.
Kiganja kinachopepea chini chini:
shimo jipya mbele ya sheli,
wamechimba watu wa maji, hawakurudi.

Sikuwahi kumpa hata soda. Hakuwahi kuomba.
Nasema hivi kwa sababu najua mnachowaza;
nami siku ile ya kwanza niliwaza hivyohivyo,
noti ya elfu mbili nimeikunja ndani ya soksi.
Imo hadi leo. Imefuliwa pamoja na soksi
mpaka imesahau ilikuwa ya kazi gani.

Jumapili moja, barabara tupu,
alitazama kulia, akatazama kushoto,
akatazama tena kulia, kama tulivyofundishwa shuleni.
"Hebu."
Akapanda na buti zake, akanishika bega
kwa ule mshiko wa kukamatia wezi.
Mita tatu. Labda nne.
Ikamtoka sauti ambayo sikuwa naijua,
ya mtoto anayekimbiza ringi kwa kijiti
kwenye mteremko fulani wa Mbinga.
Akashuka. Akauvaa uso wa kazi.
"Hukuona kitu."
"Sijaona, Afande."

Septemba hakuwepo. Nikadhani likizo.
Wiki ya pili nikawa napita polepole,
nachungulia chini ya mwavuli wake,
nakuta buti nyingine.

Kisha filimbi, ndefu, ya mtu anayeanza kazi.
Kijana mrefu, sare bado ina mikunjo ya stoo.
Nikashuka, nikaanza kufungua begi.
"Acha," akasema. "Wewe ndiye wa meno?
Sajini kahamishiwa Tunduma.
Kanikabidhi mwavuli, na orodha ya mashimo,
na wewe."

Akatoa kikaratasi mfukoni, akasoma,
akayatazama magoti yangu.
"Pale mbele ya sheli," akasema,
"bado hawajafukia."