Kwikwi

Nsajigwa kaja nao umefungwa kwenye taulo,
kaulaza juu ya meza yangu, Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili,
taratibu, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.
"Springi imekufa," akasema. "Mwenge wameniambia
ninunue mkono mwingine. Na Jumamosi nina harusi."

Sikumjibu. Springi haifi hivyo.
Springi huchoka, hulegea, hulia kabla ya kukatika,
na anayesema imekufa
mara nyingi ana nyingine ya kuuza.

Nikamwomba kamera; kaiacha nyumbani, Tabata.
Basi nikaagiza duka la chini pakiti mbili za sukari, kilo kilo,
nikazifunga kwenye ncha kwa kamba ya kiatu,
nikauinua mkono mpaka usawa wa bega,
nikauachia.

Ukashuka vizuri. Ukapanda vizuri.
Katikati ya safari, pale pale, kila mara,
ukashtuka,
kidogo tu, kama mtu mwenye kwikwi
anayejaribu kuificha mbele ya wakwe.

"Umeona?" akasema. "Bibi harusi anatembea,
picha inaruka. Mama yake kaniuliza
kama siku ile nilikuwa nimekunywa."

Nilizima feni ili nisikie.
Chini mtu wa mkokoteni alikuwa anaomba njia,
muuza kahawa anagonganisha vikombe.
Nikasubiri wapite.
Nikatega sikio kwenye kiwiko cha chuma,
nikausukuma kwa kidole:
juu, kimya; juu kidogo, kimya;
tik.

Springi nilizihesabu mizunguko,
nikazipima kwa rula, zikalingana.
Pini nilizibingirisha kwenye kioo, zimenyooka.
Nyaya hamna, huu si mkono wa umeme,
ni wa zamani, unaotii uzito tu.
Ikabaki beringi ya kiwiko
na skrubu mbili zinazoifunika.

Juu ya skrubu palikuwa na doa jekundu.
Rangi ya kucha.

Mafundi wengine huweka gundi ya dukani
skrubu isilegezwe na mtetemo.
Mimi huweka rangi ya kucha,
nyekundu, ya dada yangu Siwatu,
na mjini humu sijaona mwingine afanyaye hivyo.

Nikainamisha kichwa. Nikafungua
polepole kuliko ilivyohitajika.
Rangi ilikuwa imechuruzika mpaka ndani,
tone moja, limekauka njiani mwa gololi,
dogo kama mbegu ya mchicha.
Kila gololi ikifika pale inaruka ukuta.

Nikaikumbuka siku yenyewe: mwezi wa mfungo,
chupa mpya, jua linazama, nami na haraka ya futari.

Ningeweza kusema vumbi.
Vumbi la Dar limebeba lawama za wengi.
Ningeweza kusema beringi feki.
Alikuwa anachezea simu, asingejua.

"Ni mimi," nikasema.
"Nini?"
"Mwaka jana. Hii rangi ni yangu."

Akatazama kucha zangu, hazina rangi.
Akatazama mkono.
Akahesabu, nadhani, harusi zake.
Hakucheka.

Asetoni kwenye kijiti cha pamba.
Gololi moja moja juu ya kitambaa cheupe,
kumi na moja; ya kumi na mbili niliitafuta kwa magoti
chini ya kabati, na tochi mdomoni,
kumbe imeng'ang'ania soli ya ndala yangu.
Grisi kiasi cha punje ya mchele.
Rangi, safari hii, kichwani mwa skrubu tu,
nikaipuliza hadi ikauke, huku adhana ikianza na kuisha.

Sukari ikapanda. Sukari ikashuka.
Pale pale nilizuia pumzi,
na hapakuwa na kitu.

Mkono mtupu haulambwi, najua,
lakini sikudai hela, naye hakunilazimisha.
Akauviringisha kwenye taulo lake.
Mlangoni akageuka:
"Na sukari?"

Nikampa kilo moja.