Chumba cha Pasi, Plovdiv

Bendera hazizaliwi na heshima.
Hunifikia masandukuni, zimekunjamana
kama shuka za hoteli, zanuka ghala,
nami Velichka, fundi cherehani wa mtaa wa Trakia,
huzinyoosha kwa mvuke
kabla makasia hayajagusa maji ya mfereji.

Nimejifunza kutahadhari.
Ya Poland ukiigeuza miguu juu ni Indonesia.
Ayalandi ikipanda nyuma mbele,
mtu wa Kodivaa husimama kwa adabu, akishangaa.
Chadi na Romania ni mapacha; nimezitenga
kwa uzi mmoja wa kijani kwenye pindo,
siri yangu na sindano.

Mwaka fulani nilikosea.
Bingwa alikuwa jukwaani, mkono kifuani,
mdomo umeanza wimbo.
Akainua macho. Mdomo ukafunga.
Hakuna aliyenifokea.
Ingekuwa nafuu wangenifokea.

Yetu naijua kwa upande wa ndani.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili
mama alipoketi dirishani na mkasi mdogo
akaifumua nembo: simba, masuke ya ngano, nyota,
kwa kuwa redio ilisema zama zimekwisha.
Nembo ikatoka, matundu yakabaki.
Ukiiinua kwenye mwanga
bado ungemsoma simba.

Safari hii yupo Zarmina,
anapiga kasia peke yake, na kwao hakurudiki.
Alibisha mlango, viatu mkononi:
"Yangu ni ipi?"
Nikamwonyesha nyeupe, yenye nembo ya mashindano tu.
Aliipapasa kwa vidole vyenye malengelenge.
Nilingoja aseme neno zito.
Akauliza, "Inachafuka upesi?"
"Sana," nikasema.

Jana alivuka mchujo, wa tatu.
Usiku mvua ikatukuta bendera zingali mlingotini,
nikazianika zote kwenye kamba moja kati ya mitumbwi.
Zikachuruzika maji yaleyale yasiyo na rangi,
ila moja nyekundu, ya kitambaa rahisi,
sitaji ya nani,
ikachuja juu ya jirani yake.

Nimejaribu sabuni. Nimejaribu chumvi, ndimu.
Doa la waridi limekataa, pale pembeni,
dogo kama ukucha.
Saa nne ni fainali.
Nimeipiga pasi hivyo hivyo.