Presha ya Kushuka

Jioni naiacha geji kwenye moja na nusu.
Asubuhi mshale umelala kwenye robo,
kama mgonjwa aliyekataa uji.
Baa, ndilo jina la kipimo chenyewe,
na Sista Apolonia kila nikimtajia hunijibu:
"Fundi, baa moja linatutosha. Hiyo nusu rudi nayo."

Ni Newala, mwezi wa kupuliza salfa.
Ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu,
unaingia wodi ya wazazi bila hodi,
na mtoto mwenye saa mbili duniani
haoshwi kwa maji yaliyolala nje.
Ndiyo maana juu ya bati kuna sahani za jua,
chini kuna pipa, na kati yake mabomba
yanayozungusha maji yaleyale, yaleyale,
njia iliyofungwa, isiyotakiwa kupoteza hata tone.
Inapoteza.

Jumatatu nikafunga tawi la jikoni. Mshale ukashuka.
Jumanne tawi la chumba cha kujifungulia. Ukashuka.
Nikatandaza majivu chini ya kila kiungo,
maana tone halipiti juu ya majivu bila kuacha shimo.
Kulipokucha, nyayo za panya tu,
na moja ya kandambili ya Chilumba, msaidizi wangu.
Nikayapapasa maungio kwa mgongo wa mkono,
kama anavyopapaswa mtoto paji la uso.
Makavu.

"Labda maji yanachoka," akasema Chilumba.
Nikamcheka.
Sista, akipita na mashine ya kupimia wajawazito,
akauliza bila kusimama:
"Mnampima asubuhi tu? Mchana je?"

Mchana!
Miaka kumi na mbili ya spana, na sikuwahi
kukaa mbele ya geji ile saa saba ya jua.
Nikaketi juu ya ndoo.
Moja. Mbili. Mbili na nusu. Mshale unapanda
kama mtu anayekasirishwa kidogo kidogo,
tatu, halafu nyuma ya ukuta nikasikia
*tss.*

Pale ukutani lipo tenki jekundu, dogo,
tumbo lake limegawanywa kwa mpira:
huku maji, huku upepo,
ili maji yakivimba kwa moto yapate pa kuegemea.
Lina vali kama ya baiskeli. Nikaibonyeza kwa msumari.
Ingetoka maji, mpira umechanika.
Ungetoka upepo, ni mzima.
Hakikutoka kitu. Hata pumzi ya kuku.

Nikazunguka nyuma kulifuata bomba la vali ya usalama.
Agosti hii, mikorosho yenyewe imevaa vumbi la njano,
na pale, chini ya kiwiko cha bomba,
mistari minne ya mchicha,
mnyanya mmoja umefungwa kwa bendeji kwenye kijiti,
na Bi Somoe, mfua mashuka, amechuchumaa anapalilia.

Akaniona ninavyoangalia juu, kisha chini.
"Miezi saba," akasema.
"Kila adhuhuri linatema. Nikasema, riziki haina mlango."
Huku kwetu maji hupandishwa mlima kwa mashine,
siku nyingine hayapandi.
Sikuwa na neno la kumwambia.

Tukamwaga maji ya mfumo mpaka geji ikasoma sufuri.
Chilumba akaazima pampu ya baiskeli kwa mlinzi,
tukalipulizia tenki kwa zamu, jasho kwa zamu,
tukajaza upya.
Siku ya pili asubuhi, moja na nusu.
Saa saba, moja na robo tatu, na ukuta kimya.
Nikaandika kwenye daftari: *tenki halikuwa na upepo,
limejazwa, tatizo limekwisha.*
Mchicha sikuuandika.

Nilipotoka nilimkuta Chilumba nyuma ya ukuta
na ndoo ya yale maji tuliyomwaga, yamekwisha poa,
anayamimina kwa kikombe, shina kwa shina.
Bi Somoe amesimama kando, mikono kiunoni,
anahesabu vikombe.