Jua la Saa Sita, Oulu

Januari, jua la huku ni mgeni mwenye haraka:
halivui hata koti.
Tellervo amesogeza meza hadi dirishani,
ametundika shuka jeupe lichuje mwanga,
na kifuniko cha sufuria amekiegemeza upande wenye kivuli.
Keki ya jibini; juu yake matunda ya kinamasi
aliyoyachuma Agosti, mbu wakimla shingo.

"Usiguse, Urho. Bado kidogo."

Picha ya kwanza, kijiko kimeng'aa mno.
Ya pili, pumzi yake imetia ukungu kiooni.
Ya tatu,
wingu.

Anageuka kuwasha jiko la kahawa.
Anaporudi, keki ina pengo,
na Urho, mashavu yamemjaa, anatazama nje
kama mtu anayelitafuta jua.

Likatoka.
Akalipiga lile pengo.
Ndiyo picha aliyomtumia binti yao.