Nukta ya Arobaini na Moja

Keko Machungwa, chumba cha kupanga, dodoso themanini.
Feni inataka kuzirusha karatasi,
nimezibana kwa jiwe la kusugulia miguu.
Safu ya kwanza: saa za usingizi.
Safu ya pili: alama za sonona.
Nukta moja moja nikazipanda kwenye grafu,
zikateremka kutoka kushoto kwenda kulia
kama maji ya mvua yanavyoujua mtaro:
alalaye kidogo, huzuni yake nyingi.
Uwiano, hasi sifuri nukta sita moja.
Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Dakta Mbonea alisoma amesimama.
"Umeandika *husababisha*," akasema, akalikata neno.
"Wewe umewakuta wawili wakiongozana njiani.
Nani anamfuata nani?
Asiyelala ndiye huhuzunika,
au mwenye huzuni ndiye halali?
Au wote wawili wanamkimbia mtu wa tatu
ambaye hukumwuliza jina?"

Nikarudi kwenye karatasi.
Ya arobaini na moja haina jina, ndivyo maadili yanavyotaka,
ila doa la mafuta nalijua: Bi Sikudhani wa vitumbua.
Usingizi, saa tatu na nusu.
Na pembeni, pasipo na swali,
kwa peni inayokaribia kukata wino:
*Jumatatu wanakuja wale wa kausha damu.*

Siku ile aliniuliza, akijipangusa unga,
"Kwa hiyo mwanangu, nikilala nitapona?"
Nikamjibu, "Utafiti bado."

Kurasa nne, maswali thelathini na mawili.
Nimeuliza mpaka habari za chandarua.
Mkopo sikuuliza.

Na jaribio siwezi kulifanya:
kuwagawa akina mama kwa kura,
hawa niwabebeshe riba, hawa niwaache,
kisha nikae na saa mkononi
nione nani ataanza kulia.
Ndiyo maana tunahesabu yaliyokwisha kuwapata watu,
tunatazama kipi hupanda kingine kikishuka,
halafu tunaandika *vinahusiana*,
neno la adabu, lisilojifanya kujua.

Nimefuta *husababisha* mara kumi na moja.
Mahali pamoja nimelisahau, nitalikuta.

Kesho saa kumi alfajiri nitakwenda jikoni kwa Bi Sikudhani
(atakuwa macho)
na karatasi moja, tupu.